Risasi inapopakwa rangi na kuokwa: ngozi mpya, sumu ileile

Na Mwandishi Wetu

KATIKA majengo mengi ya kisasa ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, fremu za madirisha ya alumini hazipakwi rangi kwa brashi. Hunyunyiziwa rangi ya unga mkavu, kisha huingizwa katika tanuri mpaka unga ule uyeyuke, utandazike na kuganda kuwa ngozi moja ngumu isiyobanduka kwa urahisi. Ndivyo zinavyopakwa pia majokofu, viti vya chuma na fremu nyingi za baiskeli.

Teknolojia hiyo, ambayo msingi wake uliwekwa nchini Ujerumani katika miaka ya 1950 na mhandisi Erwin Gemmer, haikuwa na uhusiano wowote na silaha. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 imepata kazi ambayo wabunifu wake hawakuifikiria. Nchini Marekani, maelfu ya watu wanaopenda mchezo wa kulenga shabaha wanaitumia kupaka rangi risasi wanazojisubia wenyewe katika karakana za nyuma ya nyumba. Risasi hizo hutoka katika tanuri zikiwa za kijani, nyekundu au buluu, mfano wa peremende za watoto.

Wengi wa watu hao hawaishii katika kupaka rangi. Huzipasha moto risasi hizo kwa muda maalumu, kisha huzitumbukiza ghafla katika maji baridi ili ziwe ngumu zaidi. Mbinu hizo mbili, rangi na moto, zimeleta jibu jipya kwa tatizo lililowasumbua watengenezaji wa bunduki kwa zaidi ya karne moja. Zimeibua pia swali zito: je, ngozi hiyo ya rangi inamkinga binadamu dhidi ya sumu iliyomo ndani yake?

Neno moja, vitu viwili

Mzungumzaji wa Kiswahili ana faida moja katika kulielewa jambo hili. Neno "risasi", lililotoka katika Kiarabu, linataja vitu viwili kwa pamoja: madini laini ya rangi ya kijivu, na kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Mvuvi anayefunga chubwi katika mshipi wake na fundi mwashi anayening'iniza timazi mara nyingi wameshika madini yaleyale ambayo askari huyabeba katika bunduki yake.

Muungano huo wa maana haukutokea kwa bahati. Madini ya risasi huyeyuka katika nyuzi joto 327 za Selsiasi, kiwango ambacho jiko la mkaa linaweza kukifikia, ilhali chuma huhitaji nyuzi 1,538. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.34, wakati ile ya chuma haifiki hata gramu nane. Kitu kizito kilicho kidogo kwa umbo hupasua hewa bila kupoteza mwendo haraka. Kwa sababu hizo mbili, tangu kuenea kwa bunduki, madini haya yamekuwa chaguo la kwanza: mtu mwenye chungu, moto na kalibu aliweza kujitengenezea risasi popote alipo.

Ulaini uliogeuka kuwa tatizo

Ndani ya mtutu wa bunduki aina ya raifo mna mifereji iliyojipinda kama uzi wa skrubu. Kazi yake ni kuizungusha risasi ili iruke ikiwa imetulia, kama vile pia inayozunguka kwa kasi isivyoanguka. Ili izungushwe, risasi lazima ikabwe barabara na mifereji hiyo. Kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa na matatizo, kwani risasi iliyokaza ilikuwa vigumu kuisukuma kutoka mdomo wa bunduki hadi chini.

Mwaka 1849, ofisa wa jeshi la Ufaransa, Claude-Étienne Minié, alijulisha risasi yenye uwazi katika kitako chake. Iliingia mtutuni kwa urahisi, lakini baruti ilipolipuka, nguvu ya gesi iliupanua ulaini ule wa kitako hadi ukaishika mifereji. Katika vita vya Crimea na baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ulaini wa risasi ulikuwa ndio sifa yake kubwa.

Hata hivyo, risasi laini ilihitaji mafuta ili isisage na kuacha mabaki ndani ya mtutu. Haja hiyo ya mafuta iliacha alama katika historia ya dunia. Mwaka 1857, askari wa Kihindi waliokuwa katika jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki walisikia kwamba karatasi za risasi za bunduki mpya za Enfield, walizotakiwa kuzirarua kwa meno, zilikuwa zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Wahindu na Waislamu waliona kuwa imani zao zimenajisiwa. Manung'uniko hayo, yaliyoungana na malalamiko mengine mengi, yalizusha maasi makubwa yaliyoanza Meerut tarehe 10 Mei mwaka huo.

Miaka 27 baadaye tatizo liligeuka sura. Mwaka 1884 mkemia wa Kifaransa Paul Vieille alibuni baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kubwa kuliko ile nyeusi ya zamani. Risasi zilizokuwa zikienda kasi ya takriban mita 400 kwa sekunde sasa ziliweza kupita mita 600. Katika kasi hiyo madini laini hayakustahimili. Badala ya kuzunguka pamoja na mifereji, risasi iliteleza na kukwanguka, ikaacha utando wa metali ukutani mwa mtutu. Baada ya milio michache, bunduki iliyokuwa ikipiga shabaha vizuri ilianza kutupa ovyo.

Jibu la majeshi lilikuwa kuivika risasi koti la metali ngumu zaidi. Eduard Rubin wa Uswisi alikuwa ametengeneza risasi yenye koti la shaba nyekundu mwaka 1882, na Ufaransa ilipotoa bunduki yake ya Lebel mwaka 1886, ikitumia baruti mpya, zama za risasi tupu katika majeshi zilikuwa zinafikia mwisho. Risasi nyingi za raifo zinazotoka viwandani hadi leo zina koti la namna hiyo.

Kwa nini bado wanajisubia?

Pamoja na hayo, usubuji wa risasi haukufa. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho haimlazimishi mtu anayetengeneza risasi kwa matumizi yake binafsi kuwa na leseni ya kiwanda. Leseni hutakiwa kwa anayeuza. Wapo wanaojisubia kwa sababu wana bunduki za kale ambazo risasi zake hazipatikani tena madukani. Wapo wanaofanya kwa kubana matumizi. Na wapo waliosukumwa na uhaba, kama ule uliotokea mwaka 2013 na ule wa wakati wa janga la Uviko-19 mwaka 2020 na 2021, rafu za maduka ya silaha zilipobaki tupu.

Malighafi yao kubwa ilikuwa chakavu, na hapa msomaji wa gazeti anaguswa moja kwa moja. Mwaka 1886, gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mashine ya Linotype iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler, fundi mzaliwa wa Ujerumani. Mashine hiyo ilisubu mistari mizima ya herufi kwa madini yaliyoyeyushwa: takriban asilimia 84 risasi, asilimia 12 antimoni na asilimia 4 bati. Kwa karibu miaka 90, habari nyingi zilizosomwa duniani zilipitia katika chungu cha risasi. Gazeti la New York Times lilichapwa kwa mtindo huo kwa mara ya mwisho mwezi Julai mwaka 1978. Kompyuta zilipoingia, tani nyingi za herufi zilizostaafu ziliuzwa kama chakavu, na sehemu yake ikageuzwa kuwa risasi za kulengea shabaha.

Chanzo cha pili kilikuwa vile vipande vidogo vya metali vinavyobanwa katika ringi za gari ili gurudumu lizunguke bila kutikisika. Navyo vilikuwa vya risasi iliyochanganywa na antimoni kidogo. Lakini Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku katika magari mapya kuanzia mwaka 2005, na jimbo la California likafuata mwaka 2010. Vingi vya sasa ni vya chuma au zinki. Zinki chache tu zikiingia katika chungu huweza kuharibu mchanganyiko mzima, ukashindwa kujaza kalibu vizuri. Hivyo msubuji wa leo hana budi kuchambua chakavu yake kipande kwa kipande.

Antimoni na kipimo cha ugumu

Ugumu wa metali hupimwa kwa njia iliyotangazwa mwaka 1900 na mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell. Kigololi kigumu hukandamizwa juu ya metali kwa uzito unaojulikana, kisha hupimwa ukubwa wa shimo lililobaki. Shimo dogo humaanisha metali ngumu. Kwa kipimo hicho, risasi safi hupata takriban 5. Mchanganyiko wa vipande vya magurudumu takriban 12. Na ule wa herufi za Linotype takriban 22.

Tofauti hiyo huletwa hasa na antimoni. Si kitu kigeni Afrika Mashariki, kwani unga wa mawe yake ni miongoni mwa vitu vilivyotumika tangu kale kutengenezea wanja wa macho. Bati, kwa upande wake, husaidia zaidi metali iliyoyeyuka kutiririka na kuingia katika kila pembe ya kalibu.

Lakini antimoni ni ghali kuliko risasi, na ikizidi huifanya risasi iwe rahisi kuvunjika. Hapo ndipo moto na maji vinapochukua nafasi: kupata ugumu wa mchanganyiko wa gharama kutoka katika mchanganyiko wa kawaida.

Siri iliyomo katika moto na maji

Mhunzi yeyote anajua kuwa panga lililopashwa moto na kuzamishwa majini huwa gumu papo hapo. Kwa risasi, mambo huenda tofauti. Inapotoka majini bado ni laini; ugumu huja baadaye, taratibu, kwa saa na siku.

Ufafanuzi wake ni huu. Sukari nyingi huyeyuka katika chai ya moto kuliko katika chai baridi. Hali kadhalika, risasi iliyo moto, hata ikiwa bado haijayeyuka, huweza kuifumbata antimoni nyingi ndani yake. Katika nyuzi joto 252 inaweza kubeba takriban asilimia 3.5; ikipoa hadi joto la kawaida haiwezi kubeba hata asilimia moja. Ikipoa polepole, antimoni hujitenga na kujikusanya katika mabonge makubwa yasiyo na msaada mkubwa. Ikipozwa ghafla kwa maji, antimoni hunaswa ilipo kabla haijapata nafasi ya kukimbia.

Katika siku zinazofuata, antimoni ile iliyonaswa huanza kujitokeza kidogo kidogo katika chembe ndogo mno zilizotapakaa kila mahali. Metali hupinda pale matabaka ya atomu zake yanapoteleza moja juu ya jingine. Chembe hizo huzuia mtelezo huo, kama kokoto zilizomwagwa chini ya mkeka zinavyouzuia usiburuzike. Matokeo yake ni ugumu. Kiasi kidogo sana cha aseniki, ambacho mara nyingi kilikuwamo katika vipande vya magurudumu, huongeza kasi na nguvu ya badiliko hilo.

Tabia hiyo si ya risasi peke yake. Mwaka 1906, mtafiti wa Kijerumani Alfred Wilm aliona kuwa mchanganyiko wake wa alumini uliokuwa laini ulipotoka majini ulikuwa umegumuka siku chache baadaye. Kutokana na ugunduzi huo ilizaliwa duralumini, metali iliyojenga mataya ya ndege za mwanzo za alumini. Kwa hiyo fundi wa karakana anayezamisha risasi majini anatumia kanuni ileile inayoishika ndege angani.

Mipaka ya mbinu hiyo nayo ni wazi. Risasi safi, au ile iliyochanganywa na bati pekee, haigumuki kwa njia hii hata ikizamishwa mara mia, kwa kuwa haina antimoni ya kunaswa. Aidha, joto likikaribia nyuzi 240 risasi huanza kulegea na kuporomoka kabla hata ya kuyeyuka yote. Na ugumu uliopatikana si wa milele: baada ya miezi na miaka, chembe zile hukua na kuungana, na risasi huanza kurudi katika ulaini wake.

Ngozi ya rangi

Ugumu peke yake hautoshi. Kwa miaka mingi wasubuji waliamini kuwa risasi ngumu ndiyo dawa ya utando wa mtutuni. Uzoefu umeonyesha kuwa risasi ngumu kupita kiasi, ikisukumwa na baruti kidogo, haipanuki kuziba mtutu. Gesi ya moto hupenya pembeni yake na kuuchoma ubavu wake, na utando hutokea palepale. Jambo muhimu zaidi ni kipimo: kipenyo cha risasi kinapaswa kuzidi kidogo kile cha mifereji ya mtutu, kwa mia chache tu za milimita.

Kinga ya jadi ilikuwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta na kukandikwa katika vijiduara vilivyochongwa ubavuni mwa risasi. Kwa raifo zenye nguvu, kitako kilivishwa kikombe kidogo cha shaba ili kizuie gesi. Mbinu hizo zilifanya kazi, lakini nta hutoa moshi, huyeyuka kwenye joto, hunasa vumbi, na kasi ikipita mita 550 hadi 600 kwa sekunde huanza kushindwa.

Rangi ya unga imebadili hali hiyo. Unga wake ni plastiki ya jamii ya poliesta au epoksi iliyosagwa laini pamoja na rangi. Viwandani hurushwa kwa bunduki ya umeme ili chembe zake zishikwe na metali kama vumbi linavyong'ang'ania kioo cha televisheni. Wasubuji wengi wamepata njia rahisi zaidi. Hutia risasi na unga katika chombo cha plastiki pamoja na gololi za plastiki, kisha hutikisa. Msuguano huzalisha umeme tuli, na unga hujishikiza wenyewe. Baadaye risasi hupangwa katika tanuri dogo na kuokwa kwa takriban nyuzi 200 kwa muda wa dakika 20 hivi.

Ndani ya tanuri hutokea mambo mawili. Kwanza unga huyeyuka na kutandazika. Kisha molekuli zake hufungamana kwa kikemia na kuwa wavu mmoja ambao hauwezi kuyeyuka tena. Hiyo ndiyo tofauti yake na nta: joto la mtutuni haliigeuzi kuwa majimaji. Wasubuji huihakiki kazi yao kwa kuisugua risasi kwa kitambaa chenye asetoni, na kwa kuiponda kwa nyundo. Rangi iliyoiva haitoki kwenye kitambaa, na risasi ikibonyea hubonyea pamoja na ngozi yake bila kupasuka.

Ngozi hiyo huizuia metali ya risasi isiguse chuma cha mtutu. Kwa msaada wa kikombe cha shaba kitakoni, wapo wanaofikia kasi ya mita 600 hadi 700 kwa sekunde bila utando. Hata hivyo, bado haijalingana na risasi yenye koti la shaba, ambayo katika raifo nyingi za leo hupita mita 800.

Kipi kitangulie?

Mpangilio wa kazi ndio unaowakosesha wengi. Anayezigumisha risasi kwanza, kisha akazioka kwa ajili ya rangi na kuziacha zipoe taratibu, hupoteza ugumu wote alioutafuta, kwa kuwa joto la tanuri huziruhusu chembe za antimoni kukua na kujikusanya. Njia inayofuata mantiki ni kuunganisha hatua hizo: rangi ikishaiva, risasi hutolewa tanurini na kutumbukizwa majini hapohapo. Tanuri moja hufanya kazi mbili. Kwa mchanganyiko wa vipande vya magurudumu, ugumu huweza kupanda kutoka 12 hadi kukaribia 20, ingawa ule wa juu kabisa huhitaji joto kubwa kuliko lile linalohitajiwa na rangi.

Kuna mtego mwingine. Chuma kikifinyangwa kikiwa baridi huzidi kuwa kigumu. Risasi iliyogumishwa kwa maji hufanya kinyume. Ikisukumwa katika kifaa cha kusawazisha kipenyo baada ya kugumuka, uso wake hulainika tena, na uso ndio unaoshika mifereji. Kwa sababu hiyo usawazishaji hufanywa kabla ugumu haujakomaa.

Kinachobaki ndani ya ngozi

Mpaka hapo rangi ya unga inaonekana kuwa ushindi mtupu. Lakini upande wa afya unahitaji uangalifu zaidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Madini haya huudanganya mwili: huchukuliwa kama kalsiamu, huhifadhiwa katika mifupa kwa miongo, na hurudi katika damu wakati wa ujauzito au uzee. Kwa mtu mzima huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Kwa mtoto, ambaye mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, hupunguza uwezo wa akili, na hasara hiyo hairudishwi kwa dawa.

Wengi hudhani hatari ya msubuji ni mvuke wa chungu. Kwa joto la kawaida la kusubu, mvuke huo ni mchache. Hatari kubwa ni vumbi la kijivu la takataka zinazoelea juu ya chungu, ambalo hushika mikononi, katika nguo na viatu, kisha likafika mezani na sakafuni anapotambaa mtoto. Hatari nyingine ni ya ghafla: tone la maji likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa nguvu na kuirusha metali ya moto usoni. Ni ajabu kwamba kazi inayohitaji ndoo ya maji kwa hatua moja huweza kumpofusha mtu kwa maji hayohayo katika hatua nyingine.

Risasi iliyopakwa rangi hupunguza madini yanayoshika vidoleni wakati wa kuishika. Lakini haiondoi sumu uwanjani. Fataki nyingi zinazowasha baruti hutengenezwa kwa kemikali yenye risasi, na moshi wake huvutwa na mpigaji kila anapofyatua. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Environmental Health yalionyesha kuwa watu wanaotumia viwanja vya shabaha mara nyingi wana risasi katika damu kwa viwango vinavyotia wasiwasi. Na risasi inapogonga shabaha, ngozi hupasuka. Kilichokuwa ndani hubaki udongoni.

Kwa wawindaji, madhara huvuka uwanja. Mwaka 2008, maofisa wa afya wa jimbo la North Dakota walizitaka ghala za chakula cha msaada kutupa nyama ya kulungu ya kusaga iliyotolewa na wawindaji, baada ya eksirei kuonyesha vipande vidogo vya metali ndani yake. Huko California, tai mkubwa aitwaye kondo, ambaye mwaka 1982 alikuwa amebaki takriban ndege 22 tu duniani, ameendelea kufa kwa kula mizoga yenye mabaki ya risasi. Jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 ni marufuku kuwinda kwa risasi za madini hayo. Umoja wa Ulaya nao ulipiga marufuku marisau ya risasi katika maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Rangi, iwe nzuri kiasi gani, haibadilishi kitu mbele ya sheria hizo, kwa kuwa kinachokatazwa ni kilichomo ndani.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Katika ukanda huu, usubuji wa risasi kama mchezo wa nyumbani hauna nafasi kisheria. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kote huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.

Lakini kuyeyusha madini yenyewe si jambo geni. Betri chakavu za magari huvunjwa na kuyeyushwa, na machubwi ya wavuvi husubiwa katika masufuria. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa wanaijua gharama yake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi jirani nao kati ya mwaka 2007 na 2014 kiliacha sumu katika udongo na katika damu ya watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini humo iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya, uamuzi uliopingwa na kuendelea kubishaniwa katika mahakama za juu.

Ripoti ya Unicef na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita. Wengi wao hawajawahi kuona bunduki.

Ulimwengu umeshathibitisha kuwa sumu hii inaweza kuondolewa pale inapoamuliwa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikafunga ukurasa huo duniani mwaka 2021. Petroli haikuvishwa ngozi. Risasi iliondolewa ndani yake.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa ufundi huu wa Marekani. Umeonyesha jinsi metali dhaifu inavyoweza kupata nguvu kwa moto, maji na subira ya siku chache, na jinsi rangi ya dirisha inavyoweza kufanya kazi ya koti la shaba. Kwa mtutu wa bunduki, hilo ni jibu tosha. Kwa mikono inayoshika chungu, kwa udongo unaopokea risasi na kwa mtoto anayecheza juu ya udongo huo, rangi ni pazia tu, na nyuma yake madini ni yaleyale.